Kipokezi cha seli T hakina kimeng'enya chake: nani anapeleka habari ndani?

#1 Mwl_wa_Kihesa (Iringa)

Wadau, habari za jioni.

Nafundisha Baiolojia kidato cha tano na cha sita hapa Iringa mjini. Juma lililopita nilikuwa namalizia kipindi cha kinga ya mwili, baridi ya Juni imebana, wanafunzi wamejikunyata ndani ya masweta, ndipo binti mmoja wa PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) akanyoosha mkono. Akasema: "Mwalimu, kipokezi cha seli T kiko nje, juu ya utando. Jeni ziko ndani kabisa, kwenye kiini. Kipokezi kikishika kitu huko nje, nani anaenda kuziambia jeni?"

Kengele ikalia. Mwaka baada ya mwaka nimekuwa nikisema "ishara inapita ndani", na siku ile niliona maneno hayo hayajibu kitu. Nimekaa na swali lake siku nne. Naleta hapa nilichokipata kwa sababu humu wapo watu wa maabara na matabibu. Mnisahihishe kabla sijarudi darasani.

Kilichonishangaza kwanza ni hiki. Kipokezi cha seli T (seli nyeupe ya damu inayolinda mwili) kina minyororo miwili mikuu, alfa na beta. Hiyo ndiyo inayotambua kipande cha protini ya mdudu kinapoonyeshwa na seli nyingine. Lakini mikia yake ya ndani ni mifupi mno, asidi amino chache tu, na haina kimeng'enya chochote. Kinaona, ila hakina mkono. Kipokezi cha insulini sivyo kilivyo: chenyewe ni kimeng'enya, insulini ikitua nje, upande wa ndani unaanza kazi. Seli T inalazimika kuazima.

Inaazima mikia kwanza. Pembeni mwa alfa na beta zimesimama protini za CD3 pamoja na minyororo miwili iitwayo zeta, na hizi mikia yake imening'inia mirefu ndani ya seli. Kwenye mikia hiyo kuna vipande vyenye mpangilio maalumu viitwavyo ITAM. Aliyeuona mpangilio huo ni Michael Reth, mwaka 1989. Kila ITAM ina tairosini mbili (tairosini ni mojawapo ya asidi amino 20 zinazojenga protini). Zeta mbili zina ITAM tatu tatu, CD3 nne zina moja moja. Jumla 10. Kwa hiyo chini ya kila kipokezi kuna tairosini 20 zinasubiri.

Zinasubiri muhuri. Kila aliyewahi kufuatilia barua ya utambulisho anajua: barua unayo mkononi, imeandikwa vizuri, lakini bila muhuri hakuna dirisha linaloipokea. Tairosini kainesi ni mgonga muhuri. Inachukua fosfeti kutoka kwenye ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) na kuigonga juu ya tairosini ya protini nyingine. Maandishi ya barua hayabadiliki hata herufi moja, ila sasa inapokeleka.

Mgonga muhuri wa kwanza anaitwa Lck. Ameshikamana na mkia wa ndani wa protini ya utando iitwayo CD4, au CD8 kama seli ni ya kundi la wauaji. CD4 ikishika upande wake wa molekuli ileile inayoonyesha kipande, iliyoshikwa na kipokezi, Lck inavutwa hadi karibu na ITAM, inagonga tairosini zote mbili. Hapo anakuja wa pili, ZAP-70, aliyekuwa akielea tu ndani ya seli. Huyu ana viganja viwili, kila kimoja kinaitwa SH2, na kila kiganja kinashika tairosini moja yenye muhuri. Muhuri ukiwa mmoja, hakai. Ni kama barua iliyopita kwa mwenyekiti wa mtaa lakini haijafika kwa mtendaji. Mihuri ikiwa miwili, ZAP-70 inakaa, nayo inagongwa, inaamka, inaanza kugonga wengine: LAT na SLP-76.

LAT yenye mihuri inakuwa kama kiwanja cha mkutano. Protini nyingi zinakusanyika pale, mojawapo kimeng'enya kinachokata mafuta ya utando, PLC-gama. Vipande vya mafuta hayo vinafungua maghala ya kalsiamu. Kalsiamu ikipanda, kimeng'enya kiitwacho kalsinurini kinaondoa fosfeti kwenye protini iitwayo NFAT, na NFAT ndiye anayeingia kwenye kiini na kufungua jeni, ikiwemo ile ya intaleukini-2 inayoziamuru seli zigawanyike. Saiklosporini wanayomeza waliopandikizwa figo inazuia palepale, kwenye kalsinurini.

Binti wangu wa PCB, huyo ndiye anayeziambia jeni. Si mjumbe mmoja. Ni mlolongo wa mihuri.

Naomba kuwasilisha, na naomba kusahihishwa.

#2 Kijana_wa_Tukuyu

Mwalimu shikamoo. Nimesoma mara mbili na nimeelewa. Swali moja: kwa nini tairosini? Nilisoma kwamba fosfeti hugongwa pia kwenye asidi amino nyingine, serini na threonini. Kuna nini cha pekee?

#3 Mwl_wa_Kihesa (Iringa)

Marahaba. Umeuliza pazuri, na jibu lina historia ninayoipenda.

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 ilijulikana kwamba fosfeti za protini ziko kwenye serini na threonini. Tairosini haikuhesabiwa. Mwaka 1979 Tony Hunter, pale Salk Institute, California, alikuwa akichunguza protini ya kirusi kinacholeta uvimbe. Alikuwa anatenganisha asidi amino zenye fosfeti kwa umeme ndani ya kimiminika. Kimiminika alichotumia kilikuwa cha zamani na asidi yake ilikuwa imeongezeka, pH imeshuka hadi 1.7. Kwenye kimiminika kipya, tairosini yenye fosfeti hukimbia pamoja na threonini yenye fosfeti, zinaonekana doa moja. Katika kile cha zamani ziliachana. Doa geni likajitokeza peke yake, na likawa tairosini.

Muda mfupi baadaye ikaonekana kwamba protini ya kirusi cha Rous, iitwayo Src, nayo hugonga tairosini. Kirusi hicho kilitoka kwa kuku. Peyton Rous aliandika mwaka 1911 kwamba uvimbe wa kuku unaweza kuhamishiwa kuku mwingine kwa majimaji yaliyochujwa hadi hakuna seli ndani yake. Akaja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, miaka 55 baadaye. Na hapa ndipo nilipofurahi: Lck ni ndugu wa Src, ukoo mmoja. Uzi unaanzia kwenye kuku mgonjwa na kufika kwenye seli T zako.

Sasa kwa nini tairosini? Mojawapo ya sababu ni uhaba wake. Katika fosfeti zote zilizoko kwenye protini za seli, za tairosini hazifiki 1%. Binadamu ana kainesi zaidi ya 500, na za tairosini ni 90 tu. Muhuri adimu hausomwi kimakosa. Sababu nyingine ni umbo: tairosini imebeba pete, ni ndefu kuliko serini, na kiganja cha SH2 kina shimo lenye kina kirefu. Serini yenye fosfeti haifiki chini.

#4 Dada_wa_Maabara (Mbeya)

Mwalimu, umeieleza vizuri, na mimi nakaa na darubini kila siku. Niongeze mawili na nirekebishe moja.

Marekebisho: si sahihi kusema Lck hufika tu kwa kubebwa na CD4 au CD8. Nyingine iko huru kwenye utando, na sehemu yake imeshaamka hata seli ikiwa imetulia. Kwa hiyo mgonga muhuri hasubiri kuitwa kutoka usingizini. Yupo kazini muda wote, na yupo anayefuta nyuma yake muda wote.

Anayefuta anaitwa CD45. Ni fosfatesi: anaondoa fosfeti. Huyu ni mkubwa, ameenea kwenye utando wa seli nyeupe kwa wingi. Tunamtumia hata maabara kutambua kwamba seli hii ni nyeupe. Kazi yake ina pande mbili. Lck yenyewe ina tairosini mbili za kuangalia. Ya namba 505 ikiwa na fosfeti, Lck inajikunja, mkia wake unaingia ndani ya SH2 yake yenyewe, imejifunga. Anayegonga fosfeti hiyo ni kainesi nyingine, Csk. CD45 akiifuta, Lck inafunguka. Ya namba 394 ikiwa na fosfeti, Lck iko kazini kamili. Kwa hiyo CD45 anamfungua mgonga muhuri, na huyohuyo anafuta mihuri iliyogongwa. Mara ya kwanza niliposoma hilo nilidhani kitabu kimekosea.

Ufumbuzi uko kwenye nafasi. Seli T inapogusana na seli inayomwonyesha kipande, kipokezi na kishikizi chake ni vifupi, kwa hiyo tando mbili zinakaribiana sana. CD45 ana shingo ndefu, hatoshei. Anasukumwa pembeni. Pale katikati mfutaji hayupo, mihuri inadumu.

La pili ni hili, na ndilo lililonifanya niandike. Wengi wetu huku nyanda za juu kusini tunalijua neno CD4 kutoka CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU. "CD4 zako ngapi?" Nimewasikia akina mama wakiulizana kwenye benchi Mwanjelwa na Uyole, wakilitaja kama wanavyotaja uzito wa mtoto. Hiyo CD4 ndiyo hiyohiyo ya Mwalimu, yenye Lck upande wa ndani. VVU vinaitumia kama mlango wa kuingilia. Vikishaingia, vinatengeneza protini iitwayo Nef, na Nef inaing'oa CD4 kwenye utando na kuihamishia Lck kwenye vifuko vya ndani ya seli. Kirusi hakitosheki kuingia, kinabeba na mgonga muhuri.

#5 Kijana_wa_Tukuyu

Dada, ndaga fijo. Hiyo ya Nef sikuwahi kuisikia.

#6 Mama_wa_Makambako

Kamwene mwenye uzi. Mimi si mtu wa sayansi, nauza vitenge, lakini mwanangu ndiye aliyenileta kusoma mambo haya. Naomba mnivumilie, ni ndefu.

Mwanangu wa kiume alizaliwa vizuri, kilo tatu na nusu. Hadi miezi sita hakuumwa hata mafua ya maana. Baada ya hapo sikupumzika. Masikio yakaanza kutoa usaha. Yakikauka, nimonia. Nimonia ikiisha, majipu. Nimelazwa naye mara tano kabla hajafika miaka mitatu. Kituo nilichokuwa nampeleka walimpima VVU mara tatu, mara tatu hana, na mara ya tatu walinitazama mimi kana kwamba naficha kitu. Waliniambia namfunika vibaya, baridi ya Makambako inampata. Kwa upande wa ukweni waliniambia maneno mengine ambayo sitayaandika.

Siku moja, hospitali nyingine, tulipokelewa na daktari kijana wa watoto. Alimwambia mwanangu afungue mdomo, akamulika tochi, akanyamaza. Akamulika tena. Akaniuliza: "Mama, huyu alikatwa mafindofindo?" Nikasema hapana. Akasema, "Mbona sioni?" Kisha akaniuliza kama upande wa mama yangu kuna mtoto wa kiume aliyefariki mdogo. Nikakumbuka. Kaka yangu, alikufa na miaka minne, mimi nikiwa sijazaliwa. Mama alisema ni kifua.

Tukaandikiwa rufaa Dar es Salaam. Wakapima kingamwili, zile protini za damu zinazopambana na vijidudu, wakakuta karibu hakuna kabisa. Wakaniambia ni ya kurithi, iko kwenye kromosomu X, mtoto atahitaji kuongezewa kingamwili kwa mshipa. Namshukuru Mungu sasa ana miaka saba na anaenda shule. Lakini hakuna aliyenikalisha akaniambia kilichokosekana ni nini hasa. Karatasi imeandikwa herufi tatu: BTK. Mwalimu umetaja kainesi nyingi, hii sikuiona. Ni mojawapo?

#7 Mwl_wa_Kihesa (Iringa)

Mama, pole sana, na hongera kwa miaka saba hiyo. Ndiyo, ni mojawapo. K ya mwisho ni kainesi, T ni tairosini, na B ni Bruton, jina la daktari. Namwachia Dada wa Maabara kwa sababu anaijua zaidi, ila nimesoma habari zako mara tatu.

#8 Dada_wa_Maabara (Mbeya)

Mama, kamwene. Nitakueleza yote kama ningekuwa nimekaa nawe kwenye benchi.

Mwalimu ameeleza seli T. Kuna na seli B, hizi ndizo zinazozaa kiwanda cha kingamwili. Kipokezi cha seli B ni kingamwili yenyewe iliyosimikwa kwenye utando. Nacho kina shida ileile: nje kinashika, ndani hakina mkono. Kimeazima mikia miwili, CD79a na CD79b, yenye ITAM. Anayegonga kwanza ni Lyn, wa ukoo wa Src kama Lck. Anayekuja kukaa na viganja viwili ni Syk, ndugu wa ZAP-70. Halafu ndipo anapoingia BTK. Kazi ya BTK ni kumgonga PLC-gama 2, yule mkata mafuta anayefungua kalsiamu. BTK asipokuwepo, barua imeandikwa, mihuri ya mwanzo ipo, inafika kwenye dirisha la tatu na hakuna mtu.

Sasa sikiliza hapa. Ungedhani seli B zingekuwepo, ila hazisikii vizuri. Kumbe hazipo. Seli B inapokuwa changa ndani ya uboho wa mifupa, inatengeneza kwanza nusu ya kipokezi chake, na lazima nusu hiyo ipeleke ishara ndani kusema "nimetengenezwa sawasawa". Bila ishara hiyo seli haivuki, inakufa. Kwa binadamu ishara hiyo inapita kwa BTK. Kwa hiyo mwanao seli B zake zinaanza safari na kukomea njiani. Mafindofindo yamejaa seli B. Hazipo, nayo hayavimbi, hayaonekani. Daktari yule kijana alisoma kainesi iliyokosekana kwa tochi ya mdomoni. Namheshimu bila kumjua.

Kwa nini miezi sita ya kwanza alikuwa mzima? Kwa sababu alikuwa anatumia kingamwili zako. Zilivuka kondo la nyuma zikamfikia kabla hajazaliwa, zikamlinda, zikapungua polepole hadi zikaisha. Ulikuwa unamkinga wewe. Wala hukumfunika vibaya.

Kwa nini kaka yako, na kwa nini si wewe? Jeni ya BTK iko kwenye X. Mvulana ana X moja, ikiwa na kasoro hana ya akiba. Wewe una mbili. Na kuna jambo hapa naliona zuri mno: katika kila seli ya mwanamke, X moja huzimwa, na kwa kawaida ni bahati nasibu ipi izimwe. Ukipimwa wewe, seli B zako zote zitaonekana zinatumia X iliyo nzima, kwa sababu zile zilizowasha X yenye kasoro hazikuvuka uboho. Mwili wako umezichuja bila kukuambia.

Bruton alikuwa daktari wa watoto wa jeshi la Marekani. Mwaka 1952 aliandika kuhusu mvulana wa miaka minane aliyeugua mara kwa mara namna hii, na kipimo cha protini za damu kikaonyesha sehemu ya gama, yenye kingamwili, haipo. Akampa kingamwili za watu wengine, mtoto akapata nafuu. Jeni ilikuja kupatikana mwaka 1993. Miaka 41 watu walitibu pengo bila kujua nani hayupo.

Na seli T za mwanao? Ziko sawa, kwa sababu zenyewe hazitumii BTK. Kwenye nafasi ile wana ndugu yake, ITK. Ndiyo maana mtoto kama huyu virusi vingi anavimudu, akaumizwa zaidi na bakteria wa usaha.

Jambo moja usiliache: chanjo zenye vijidudu hai, hasa ya matone ya polio, asipewe kabla daktari wake hajasema. Mtoto asiye na kingamwili anaweza kudhuriwa na kirusi cha chanjo hiyo. Andika kwenye kadi yake ya kliniki kwa kalamu nyekundu.

#9 Mama_wa_Makambako

Dada. Nimesoma nikiwa dukani, nikafunga mlango kidogo.

"Ulikuwa unamkinga wewe." Miaka saba nilikuwa nasubiri mtu aniambie hivyo.

#10 Fundi_Vyuma_Mafinga

Poleni na hongereni. Mimi nauliza kitu kingine. Hapa stendi wanauza unga wa kuongeza kinga, wanasema ukinywa seli zako zinaamka. Kwa maelezo haya ya kainesi, inawezekana?

#11 Mwl_wa_Kihesa (Iringa)

Fundi, unga huo siujui, ila neno "kuamsha" nitalijibu, kwa sababu ndipo penye uzito.

Seli T haishindwi kuamka. Kazi yake ngumu ni kujua wakati wa kutoamka. Kila dakika inapapasa vipande vya protini za mwili wako mwenyewe, vingi kupita hesabu, na katikati yake huenda kuna vichache vya kirusi. Seli T inaweza kuitikia vipande vya adui visivyofika kumi. Inatofautishaje?

Kwa muda. Kipande cha mwili wako kinashikwa na kuachiwa upesi. Cha adui kinadumu sekunde kadhaa. Katika sekunde hizo Lck inagonga, ZAP-70 inakaa, inagongwa, inagonga LAT. Kipande kikiachia kabla mlolongo haujaisha, mfutaji anarudi na kila kitu kinaanza upya kutoka sifuri. Timothy McKeithan aliliandika wazo hili kwa hesabu mwaka 1995. Ni kama mtu anayebisha hodi. Mpita njia anagonga mara moja na kuondoka. Mgeni wa kweli anasimama hadi usikie hatua zake, umuulize jina, ufungue komeo.

Kwa hiyo kingekuwepo kitu kinachoamsha kainesi zote kwa pamoja, kingewaamshia watu vita dhidi ya viungo vyao wenyewe. Ningekuwa wewe, pesa hiyo ningenunua maharage na mboga.

#12 Kijana_wa_Tukuyu

Na muhuri ukigongwa bila kukoma? Yaani mfutaji hawezi kumdhibiti mgongaji?

#13 Dada_wa_Maabara (Mbeya)

Hapo kijana umefika kwenye saratani. Mfano unaojulikana zaidi ni saratani ya damu ya aina ya CML. Kromosomu ya 9 na ya 22 zinabadilishana vipande, kainesi iitwayo ABL inaunganishwa na jeni nyingine, BCR, na protini inayozaliwa inagonga mihuri usiku na mchana. Kromosomu hiyo fupi ilionwa Philadelphia mwaka 1960 na Nowell na Hungerford. Dawa ya imatinibu, inayoziba mahali ATP inapokaa ndani ya kainesi hiyo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001. Wagonjwa wa CML wanaipata hapa nchini pia. Ni kidonge, mtu anameza nyumbani.

Na hili litamgusa Mama wa Makambako. Kuna saratani za seli B ambazo zinaishi kwa kutegemea ishara ya BTK. Mwaka 2013 Marekani iliidhinisha ibrutinibu, dawa inayoizima BTK. Watafiti walijua kuizima BTK kunazigusa hasa seli B, na mwili mwingine unaendelea, kwa sababu walikuwa wameshawaona wavulana kama mwanao, mama, wakikua na kwenda shule.

#14 Mama_wa_Makambako

Samahani narudi. Kuna jambo limenikaa tangu jana. Dada umesema kaka yangu na mwanangu. Maana yake mama yangu naye alikuwa nayo kwenye X moja. Mdogo wangu wa kike, tumbo moja, ameolewa Ilembula. Ana mtoto wa kiume wa miezi minane. Jumapili alinipigia, akasema mtoto sikio linatoa maji na ni mara ya pili. Nilimwambia amtilie mafuta ya nazi ya vuguvugu. Sasa siwezi kulala.

#15 Dada_wa_Maabara (Mbeya)

Mama, mafuta aache, asitie kitu chochote sikioni. Umefanya vizuri kuandika.

Mdogo wako ana nafasi moja kati ya mbili ya kubeba jeni hiyo. Akiwa nayo, kila mtoto wa kiume ana nafasi moja kati ya mbili. Kwa hiyo kwa mtoto huyu, kabla hatujahesabu sikio, ni moja kati ya nne. Watoto wengi wa miezi minane wanaumwa sikio na hawana lolote. Lakini kwenye ukoo wenu hatusubiri nimonia.

Mafindofindo yasitumike kuamua, kwa umri huo yanakuwa madogo kwa kila mtoto. Kingamwili peke yake nazo zinaweza kudanganya, kwa sababu umri huo zinakuwa chini hata kwa mtoto mzima. Kinachosema kweli ni kuhesabu seli B. Seli hizo zina alama yake juu, CD19, kama vile kliniki ya CTC wanavyohesabu seli kwa alama ya CD4. Akifika, aombe kumwona daktari bingwa wa watoto, na aseme maneno haya bila kuyapunguza: "Mtoto wa dada yangu ana upungufu wa BTK, na kaka yetu alifariki na miaka minne." Abebe nakala ya karatasi ya mwanao, ile yenye herufi tatu. Daktari akiiona hatamwambia habari za baridi.

Na kadi ya chanjo asiisahau.

#16 Mwl_wa_Kihesa (Iringa)

Leo nimesoma uzi huu darasani, nimeondoa yanayomtambulisha Mama. Binti aliyeuliza swali ameandika ubaoni mlolongo wote wa seli B kutoka kichwani, kisha akafuta BTK kwa kidole na kuwaonyesha wenzake kinachokatika. Hakuna aliyeongea kwa muda. Mama, wanakusalimu.

#17 Mama_wa_Makambako

Nimepiga picha karatasi nimemtumia, na nyingine nimeipeleka kivuli, nimempa kondakta wa gari la saa kumi. Nimemsomea mdogo wangu maneno ya kusema, akayarudia mara mbili. Mume wake ameuza gunia mbili za mahindi. Kesho alfajiri wanapanda gari la Mbeya kijiji cha Halali.

Dada, atavaa kitenge cha njano. Nitakutumia ujumbe wa ndani, kama utakuwa zamu.

#18 Dada_wa_Maabara (Mbeya)

Niko zamu kuanzia saa moja asubuhi. Nitamsubiri getini.